Left Hand Path ya Entombed: CD ya kushushia besi ya sabufa

Wadau, mambo vipi? Niko nyumbani Shangani, Mtwara, feni nimeizima ili maiki isipokee upepo, kwa hiyo mkiniona nafuta jasho msishangae. Mezani nina CD ya Left Hand Path, albamu ya kwanza ya Entombed wa Sweden, iliyotolewa 1990 na lebo ya Earache ya Uingereza. Hii ni death metal, yaani roki nzito ya magitaa makali na mwimbaji anayenguruma. Wa singeli msikimbie, kasi mnayoijua ipo.

Naanza na magitaa, maana ndiyo yanayofanya watu waitafute mpaka leo. Sikilizeni kidogo... Huo mkwaruzo mmeusikia? Kama chenso inayoangusha mkorosho mzee. Utadhani kuna mtambo wa bei mbaya hapo. Wapi! Ni pedali ya Boss HM-2, kidubwasha cheusi cha kukanyaga kwa mguu, nobu nne tu. Vijana wakazizungusha zote mpaka mwisho, basi. Fundi mitambo mwingine angewaambia punguzeni, mnaniharibia kazi. Bahati yao walikuwa Sunlight, studio ya Stockholm, Desemba 1989, na mtayarishaji Tomas Skogsberg akauacha uchafu wote ukae mbele. Baada ya hapo bendi kibao za Sweden zikapiga hodi Sunlight zikitaka sauti ileile. Boss wakaacha kuitengeneza pedali hiyo 1991, za mtumba zikapanda bei, na miaka ya karibuni wenyewe wakairudisha sokoni kwa toleo jipya.

Umbea kidogo. Kabla ya Entombed waliitwa Nihilist. Mwaka huohuo wa 1989 bendi ikavunjwa, halafu ghafla waliobaki wakaibuka na jina jipya bila mpiga besi wao, Johnny Hedlund. Naye hakulala, akaanzisha bendi yake, Unleashed. Mnaofuatilia vikundi vya taarabu mnaijua michezo hii.

Ngoma anapiga Nicke Andersson, ambaye pia ndiye mtunzi mkuu. Mwimbaji ni L-G Petrov, aliyefariki 2021. Usihangaike kushika kila neno, lichukulie koo lake kama ala nyingine. Wimbo uliobeba jina la albamu una zaidi ya dakika 6: unaanza kwa fujo, kisha mwendo unashuka na inaingia melodia ya filamu ya kutisha ya Phantasm, ya 1979. Hapo mimi huwa sina la kusema.

Sasa sabufa. Zetu nyingi zimepangwa kwa besi, na ukiiacha juu albamu hii inageuka tope. Kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, na magitaa vinagombania sehemu moja. Raha yake iko kwenye sauti za kati. Mimi nimeshusha besi karibu yote, nikapandisha trebo kidogo, ndipo magitaa yakachomoza. Kwenye spika ya simu msijisumbue.

Malalamiko ninayo. Nyimbo 12 za CD ni nyingi. Sahani ya santuri ya mwanzo ilikuwa na 10, na zile mbili za nyongeza mimi naziruka, maana kufika huko sikio limeshachoka na mkwaruzo uleule. Halafu jalada: amelichora Dan Seagrave, yuleyule aliyechora jalada la Altars of Madness, albamu ya bendi ya Morbid Angel, na kwenye kiboksi cha CD linaonewa. Mwenye uwezo anunue santuri, hata kama deki yake hana, atundike ukutani.

Sisi wa pwani tuwe makini na deki pia. Hewa ya chumvi inashika lenzi, CD inaanza kurukaruka, unamgombeza muuzaji kwamba kakuuzia feki. Futa lenzi kwanza.

Na anayesema haya ni mambo ya Wazungu, aitafute bendi ya Duma ya Nairobi. Albamu yao ilitoka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na kwa ukali wanawapita hawa. Hiyo ndiyo video ijayo, umeme ukiruhusu.