Kadi za gundi za buluu: nzuri kwa kuhesabu thripsi, mbovu kwa kuwatambua

Kwa anayetaka kujua thripsi, wadudu wadogo sana wanaofyonza mimea, wameingia lini shambani na wanaongezeka kwa kasi gani, kadi hizi za plastiki zinatosha kabisa. Buluu huwavuta spishi za thripsi kama Frankliniella occidentalis na Megalurothrips sjostedti. Za njano waachie inzi weupe na vidukari. Kwenye banda la maua au mishiri, tundika kadi 1 kwa kila mita za mraba 200, juu kidogo ya vilele, na uipandishe kadiri mimea inavyorefuka. Isome kila wiki. Kiangazi vumbi hufunika gundi mapema, idadi ikashuka, na mkulima akadhani dawa imefanya kazi.

Ubovu wake unaanza pale mtu anapoandika jina la spishi kwa kuangalia kadi tu. Rangi inadanganya: Frankliniella schultzei, ndugu wa occidentalis, wapo weusi na wapo wa njano, na F. occidentalis huanzia njano hadi kahawia. Wanaotofautisha wanatazama vinyweleo vya utosini, palipo na macho madogo matatu. Kwa schultzei, jozi ya tatu ya vinyweleo hivyo imesogeleana katikati ya macho mawili ya nyuma; kwa occidentalis imesimama mbele zaidi, kwenye ukingo wa pembetatu ya macho hayo. Kisha tazama pingili ya nane ya tumbo: occidentalis jike ana kitana kamili, yaani safu ya vinyweleo vidogo kama meno ya kitana, schultzei hana. Vinyweleo hivyo ndivyo gundi inavyovinyofoa. Thrips tabaci wa vitunguu ana nafuu, kwani papasi zake (antena za kichwani) zina pingili 7, za Frankliniella 8.

Kosa hapa ni ghali. Sjostedti ni mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Occidentalis ametoka magharibi mwa Amerika Kaskazini. Mtaalamu wa wadudu Pergande alimpa jina mwaka 1895, na tangu miaka ya 1970 amesambaa duniani akiwa na usugu kwa dawa nyingi. Ukiwachanganya, unapuliza dawa isiyomuua, na ramani ya usambazaji inapata nukta ya uongo ambayo wengine watainukuu.

Ukilazimika kumtumia mdudu wa kwenye kadi, kata kipande kilichomzunguka, kiloweke kwenye tapentaini mpaka aachie mwenyewe, kisha msuuze kwa alkoholi. Usimvute kwa kibano. Njia bora ni kugonga maua juu ya sahani nyeupe, kuwaokota majike wazima kwa brashi iliyoloa, na kuwatia kwenye mchanganyiko wa ethanoli ya asilimia 60 sehemu 10, gliserini sehemu 1 na asidi ya asetiki sehemu 1. Wanabaki laini, miguu na papasi zikinyooka vizuri kwenye kioo cha hadubini. Lenzi ya mkononi ya mara 10 haifiki huko. Kitana kinataka ukuzaji wa karibu mara 400.

Ukinunua, chukua zilizochapwa miraba, kuhesabu kunakuwa kwepesi, na uziache zile ambazo gundi yake inachuruzika juani.