Uzoefu wangu: pedi za breki za mbele za Premio, kufunga mwenyewe nyumbani

Pedi hizi nilizinunua soko la Kisekka, Kampala, shilingi 85,000 kwa seti ya mbele, yaani vipande vinne. Ni za nusu chuma, na gari ni Toyota Premio. Zimeshatembea kilomita 11,000: foleni ya Jinja Road, miteremko ya Muyenga, na vumbi jekundu la barabara za murram. Zinashika vizuri hata zikiwa za moto, wala hazipigi kelele. Lakini zilipotoka kwenye boksi hazikuwa tayari kufungwa, na hilo mnunuzi lazima alijue.

Shida ni rangi. Bati la chuma lililo mgongoni mwa pedi limepakwa rangi nene mpaka kwenye masikio yake mawili, na masikio hayo ndiyo yanayoteleza ndani ya fremu ya kalipa, yaani kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Pedi inatakiwa iende na kurudi kwa kusukumwa na kidole. Hizi zilitaka nyundo. Usizigonge, ndugu yangu! Pedi iliyobana hairudi ukiachia pedali. Inabaki inasugua diski, rimu inapata moto, petroli inaliwa, na kipande kimoja kinaisha wakati mwenzake bado mnene. Dawa ni tupa laini: sugua sikio mara tatu nne, jaribisha, sugua tena, mpaka lipite bila kucheza. Unaondoa rangi tu, chuma usikiguse.

Boksi pia halina vile vibati vya springi vinavyokaa kwenye fremu. Vya zamani vinafaa kama havijalika, ila vitoe usugue chini yake kwa burashi ya waya. Kutu huvimba humo na kuziba nafasi, hata pedi nzuri namna gani itakwama.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya saa mbili. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, legeza nati kwa spana namba 21 gari likiwa bado chini, kisha piga jeki na uweke stendi. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Kalipa inashikwa na bolti mbili za namba 14. Ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi ya shokomzoba. Ikining'inia kwa mpira wa mafuta ya breki, mpira huo unapasuka kwa ndani na huoni kitu.

Sasa vuta pini mbili za kalipa. Hapa ndipo breki nyingi zinapofia, na mafundi wengi wenye haraka hawapagusi. Futa grisi ya zamani, paka ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira. Pini moja ina kipira kwenye ncha, nyingine haina. Kila moja irudi kwenye tundu lake.

Kurudisha pistoni, ile sehemu ya kalipa inayosukuma pedi, weka pedi ya zamani juu yake na ubane kwa klampu ya seremala, polepole. Chungulia chupa ya mafuta ya breki, kwa sababu yanapanda. Yakikaribia kumwagika yanyonye kwa sindano, maana yanababua rangi ya gari. Pedi yenye kibati cha kupiga kelele, kile kinachokuonya pedi ikiisha, ikae pale pale ilipokuwa ya zamani. Bolti za kalipa nilikaza nyutonimita 34, nati za tairi 103.

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini, kwa kuwa pistoni iko mbali na pedi. Kisha tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, na uache zipoe ukiendelea kutembea. Ukisimama na kukandamiza pedali zikiwa za moto, nyenzo ya pedi inaganda sehemu moja ya diski na usukani utatetemeka.

Zikiwa mpya zilikuwa milimita 11. Juzi nimepima: 8 kulia, 8 kushoto, ndani na nje sawasawa. Mimi hubadilisha zikibaki 3, na zikifika hapo nitanunua hizi hizi.