Baiskeli ya safari ndefu huku Kusini: ununue ya ringi ipi?

Tairi langu la nyuma lilichanika ubavuni mchana wa jua kali, kati ya Tandahimba na Newala, mizigo imejaa pande zote za keria. Baiskeli ilikuwa ya ringi ya saizi ya 700C. Fundi niliyemkuta chini ya mkorosho alikuwa na tairi jipya la "ishirini na nane", akalivalisha kwa moyo safi. Tulipojaza upepo likapanda upande mmoja, tyubu ikachungulia pembeni mwa ringi, ikapasuka. Fundi hakukosea kitu. Ishirini na nane ya baiskeli za Phoenix hukaa kwenye ringi ya milimita 635, 700C kwenye ya 622, na zote watu huziita ishirini na nane. Kwa milimita 13 hizo, nilimaliza safari juu ya bodaboda.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, inama usome ubavu wa tairi. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Shika hiyo ya pili, maana inchi zinachanganya. Hata 26 ziko zaidi ya moja: ya baiskeli za milimani ni 559, ile nyembamba ya 26 x 1⅜ ni 590, na haziingiliani.

Chaguo langu la kwanza ni 26 ya 559, hasa kwa anayetaka kupanda Newala, ateremke Masasi, kisha aende Mtambaswala kuvuka Daraja la Umoja kuingia Msumbiji. Baiskeli nyingi za gia za mtumba ni za saizi hii, na matairi yake hayakusumbui kuyapata. Spoku zake ni fupi, hivyo ringi haipindi upesi ukiilemea mizigo. Inapokea tairi la inchi 2 na zaidi; ukifika kwenye mchanga unapunguza upepo kidogo na kuendelea.

Ya pili ni 28 ya 635, inayobeba korosho na madumu ya maji vijijini. Tyubu yake utaikuta hata kwenye duka la chumvi na sabuni. Ila ni nzito, kwa kawaida haina gia, na ringi ya chuma ikilowa breki hazishiki. Mwenye pesa kidogo na miguu imara asiionee haya.

700C naiweka ya tatu. Kwenye lami, Mtwara hadi Lindi na Kilwa, inateleza vizuri sana. Beba tairi la akiba la kukunjika, tyubu mbili, na spoku chache za urefu wake umezifunga kwenye fremu. 29 nayo ni 622, kwa hiyo ihesabu pamoja na 700C.

27.5, yaani 584, iache kwa sasa.

Kabla hujalipa, andika ile namba ya pili kwenye karatasi, umpelekee fundi wa mtaani kwako, umuulize kama ana tairi lake leo.