Vidole vyao bado viko kwenye shafti yangu

Nilikuwa nimeapa sitaandika chochote, maana nikiwa na hasira naandika kama mtu anayepasua kuni. Sasa wiki kadhaa zimepita na hasira haijapoa, basi nivumilieni.

Nina kiwanda kidogo cha sukari nguru upande wa Kibigori. Niliagiza Nairobi shafti mpya ya rola, ule mhimili wa chuma unaozungusha rola za kukamua miwa, pamoja na giaboksi yake. Mvua ikageuza barabara yetu uji, lori haliwezi kuingia, nikaona mzigo ulale Kisumu mpaka ardhi ikauke. Waliousafirisha wana godauni hapo, na ubao wao wa nje unajigamba kwamba mashine zinalala "bila kutu". Jina lao silitaji. Wanaowajua watawajua.

Haki kwanza. Huko Nairobi mzigo ulifungwa na tawi lao, na ulifungwa nikiangalia. Kijana alivaa glavu, akapangusa shafti kwa kitambaa kikavu, akaizungushia ile karatasi ya kahawia wanayoita VCI, yenye dawa inayotoka polepole kama mvuke na kutanda juu ya chuma. Juu yake mfuko mzito wa nailoni, ndani yake vipakiti vya punje za buluu za kunyonya unyevu, kisha mdomo wa mfuko akauziba kwa moto. Akaniambia, "Mama, kazi yote iko kwa kuziba. Ukitoboa, dawa inatoroka, unyevu unaingia, unabaki na karatasi ya kufungia maandazi." Huyo kijana nampa nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningemwongeza.

Sasa Kisumu.

Nilipokwenda kuchukua mzigo nilikuta mfuko umepasuliwa upande mmoja, halafu umefungwa kwa kamba ya katani. Katani! Kama gunia la omena. Punje zilizokuwa buluu zilikuwa zimegeuka waridi, yaani zimeshanyonya maji zikashiba, hazina kazi tena. Na shafti ilikuwa imepakwa grisi mbichi, inang'aa, wakati ilitoka Nairobi haina grisi hata tone. Nikajiuliza, grisi ya nini? Nikavua leso kichwani nikapangusa.

Chini yake kulikuwa na mkono wa mtu. Sitanii. Vidole vinne na gumba, vimechorwa kwa kutu, unaona hadi mistari ya ngozi kwenye kidole cha kati. Mtu alishika chuma kitupu kwa kiganja chenye jasho, jasho lina chumvi, na chumvi ikafanya kazi yake. Na hakushika popote tu. Alishika shingoni, pale pale inapokaa beringi, ile pete inayoishika shafti ikizunguka. Mahali pengine kwenye shafti kutu ni aibu tu. Hapo ni hasara, kwa sababu ukisugua sana unakula chuma, na beringi ikilegea hata kidogo unaanza kusikia mlio katikati ya msimu, miwa imejaa uwanjani na wakulima wanakutazama.

Nikaenda kaunta. Kijana ana simu mkononi, hakuinua macho. Nikamweleza. Akasema, "Mama, hii ni Kisumu, ziwa liko hapo. Chuma lazima kishike kutu."

Nikamwambia ziwa letu ni la maji matamu, halijawahi kuwa na vidole, na chumvi iliyo kwenye shafti yangu haikutoka Dunga.

Ndipo akasema lile neno. "Mwambie mzee aje, tutaongea naye mambo ya mashine."

Mzee! Mzee wangu anafundisha dini shule ya msingi. Kwake beringi na biskuti ni kitu kimoja. Mimi ndiye niliyelipa, jina langu ndilo liko kwenye risiti aliyokuwa ameikalia kwa kiwiko, na kwenye risiti hiyo kuna mstari peke yake, "kinga ya kutu", na pesa yake pembeni. Nilihisi masikio yanachemka.

Nilipokuwa natoka, mlinzi, mtu mzima, akanivuta kando ya geti. "Mama, hiyo mfuko walifungua siku ile ile ilifika, jioni. Walikuwa wanatafuta namba." Lebo ya nje ilikuwa imelowa ikabanduka, basi wakapasua mfuko wasome namba kwenye shafti. Namba ambayo iko kwenye risiti. Ambayo wangeipata kwa kunipigia simu ya dakika moja.

Na jioni ile ile ndiyo mbaya kuliko zote. Lori limetoka kwenye baridi ya Londiani na Kericho, likateremka Awasi, Ahero, joto na unyevu wa bonde la Kano. Chuma bado ni baridi ndani, kinatoka jasho kama soda iliyotolewa friji. Mzigo wa namna hiyo unauacha kwanza upate joto la mahali, hata ukiwa na haja ya kuufungua. Hawa walifungua papo hapo, wakafunga maji ndani kwa katani, na kutu ilipotokea wakapaka grisi juu yake. Grisi juu ya kutu haikingi kitu. Inaficha tu.

Niseme pia yasiyonipendeza kusema. Fundi wangu wa jua kali aliisugua kwa msasa laini sana na mafuta, akaipima kwa maikromita mara tatu, akasema beringi itakaa. Giaboksi haikuwa na neno lolote. Mfuko wake haukuguswa, punje bado buluu, tulipoufungua chuma kilikuwa kama kimetoka dukani. Kwa hiyo ufungaji wao unafanya kazi, na nikikudanganya kwamba kampuni nzima ni takataka nitakuwa nimekosa. Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu.

Lakini nilitaka pesa yangu ya kinga irudi. Simu hazikujibiwa. Nikajishusha, nikaenda na mzee Jumamosi. Kijana yule yule akasimama! Akavuta kiti, akamkaribisha mwalimu, akamweleza habari ya unyevu, mvuke na karatasi kama robo saa nzima. Mzee anatikisa kichwa kwa heshima, kama yuko kanisani. Mimi nimesimama na mkoba wangu. Alipomaliza, mzee akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Akinyi, anasema shafti ni ile ndefu ama ile ya duara?"

Walikubali kurudisha. Siku ya tatu ujumbe wa M-Pesa ukalia nyumbani tukila. Kiasi kamili, hawakupunguza hata shilingi.

Kwenye simu ya mzee.

Nyota moja.