AeroChamber ya maski ya njano: angalia hiki kijipande kinavyocheza

Habari zenu wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli. Leo siwacheleweshi maana hiki kifaa nina hamu nacho sana. Ni AeroChamber Plus Flow-Vu, spesa ya mtoto mwenye pumu, yaani bomba la plastiki unalochomeka inhela (kichupa cha dawa ya kupuliza) ili mtoto aivute dawa kupitia humo, maski ya njano, ya mwaka 1 hadi 5. Ya rangi ya machungwa ni ya wachanga mpaka miezi 18. Spesa kwa ujumla nilishaieleza kwenye video ya inhela, kwa hiyo hapo naruka.

Njoo karibu na kamera. Unaona hiki kijipande chembamba hapa, karibu na maski? Usikiondolee macho.

Mwanangu nimempakata, mgongo wake kifuani kwangu. Dawa sijabonyeza, tunaangalia tu. Naweka maski: pua ndani, mdomo ndani, ukingo umelala vizuri mashavuni na kidevuni. Haya, anavuta pumzi... kimecheza! Anavuta tena... kimecheza. Sasa nanyanyua ukingo hapa juu ya pua, upenyo wa kuingiza ncha ya kidole tu. Angalia. Mtoto anapumua vilevile, kifua kinapanda na kushuka, lakini kijipande kimetulia tuli.

Hapo ndipo penye kazi yote ya maski. Valvu ya spesa, yaani kilango chake cha hewa, inafunguka pale mtoto anapovuta kupitia kwenye bomba. Akipata mwanya, anavuta hewa ya chumbani kwa sababu ndiyo rahisi, valvu inabaki imefungwa, kijipande hakichezi, na dawa uliyobonyeza inashuka na kugandia kwenye kuta za bomba. Wewe mama unahesabu pumzi, moja, mbili, mpaka tano, unafunga mfuko ukijua mtoto kapata dawa. Hajapata! Usiku anaendelea kukohoa, unaanza kusema dawa haifanyi kazi.

Hii nyingine nilinunua kwa bei nafuu, jina nitaliacha. Ukingo wake mgumu. Nikiukandamiza hapa mkononi, ona, umeacha mstari mwekundu, na kwenye mfupa wa pua bado pana mwanya. Ukikaza zaidi mtoto analia. Na jamani, lile la kusema "mwache alie, ndiyo anavuta vizuri", tuliache kabisa. Kilio ni kutoa hewa kwa muda mrefu, halafu anavuta kwa kushtukia. Dawa inaishia kooni, anaimeza. Hii ya njano ukingo wake laini, unafuata uso bila kugombana nao. Mpe aichezee mchana akiwa mzima, amvalishe mwanasesere, aizoee.

Ukubwa nao usichukulie poa. Kuna wanaonunua maski kubwa ili mtoto aikulie. Kichanga pumzi yake moja ni ndogo mno, na nafasi tupu ndani ya maski inaila. Anabaki anavuta hewa ileile aliyoitoa.

Najua kuna watakaoandika, "dada, chupa ya maji inatosha." Sikatai! Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town waliijaribu mwaka 1999, chupa ya nusu lita imetobolewa na inhela ikazibwa pembeni kwa gundi, ikafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Isiyozibwa ikawa nyuma yake, na kikombe cha povu kikashika mkia. Unaona? Ni habari ya mianya tena. Ila wale walikuwa watoto wakubwa, wa kushika chupa kwa midomo. Wa miaka miwili lazima maski.

Sasa bei. Bei imechangamka, na nilipoifungua nilikuwa nimeshajiandaa kuwaambia msinunue. Lakini tangu nione hiki kijipande nimelegea. Kama hela haipo, nunua yoyote yenye ukingo laini, na ukae na valvu yake kwa karibu, nyingi zinaonekana zikifunguka. Volumatic, ile spesa kubwa, ni nzuri ila ina ujazo wa mililita 750, kwenye mkoba inakula nafasi yote.

Kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke yenyewe. Usifute ndani kwa kitambaa, plastiki inapata umeme tuli na kunasa dawa. Bonyeza mara moja, mtoto avute, ndipo utikise na kubonyeza tena. Ikiwa ni dawa ya kuzuia, ile ya steroidi, mfute uso baadaye.

Waliouliza kuhusu mashine ya mvuke, nebulaiza, video inakuja wiki ijayo. Nitawasha taa nyuma yake niwaonyeshe mvuke unakwenda wapi pale mzazi anaposhika maski mbali na uso ili mtoto asilie. Bonyeza kengele usiikose.