Magazini Ndefu za Bastola: Angalia Springi Kabla ya Kuhesabu Risasi

Nilinunua kitako, yaani kifuniko kirefu cha chini, cha kuongeza risasi tano kwenye magazini (kisanduku cha risasi) ya bastola ya Glock 17, ambayo kwa kawaida hubeba 17, na kwa dola arobaini na kitu nilizolipa nilitarajia kwamba risasi 22 zingeingia na zote 22 zingetoka. Kuingia ziliingia. Siku za mwanzo slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, ilikuwa haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, nami nikakilaumu kidole gumba changu, kwa sababu kila mwenye Glock anajua kwamba gumba likikilalia kitufe cha kuzuia slaidi, slaidi hujifunga hata magazini ikiwa tupu. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi ya kurekebisha mshiko ambao haukuwa na kosa. Kisha, katika mashindano ya Jumapili ya klabu yetu, nje kidogo ya Fort Worth hapa Texas, risasi ya 20 ilitoka vizuri, nikavuta kifyatulio kwa ajili ya ya 21, nikasikia mlio mkavu wa chuma kwenye chemba tupu, yaani tundu inamokaa risasi inayofyatuliwa. Nilipoichomoa magazini na kuitikisa, risasi mbili zilizobaki zilichakarika ndani kama mbegu za kayamba.

Mzee mmoja wa Bukavu ambaye hushindana katika kundi letu aliipokea, akazitoa zile risasi mbili, akakibonyeza kwa kidole kimoja kibao cha juu, kile kinachozibeba risasi juu ya springi. Kilizama bila ubishi.

"Dada, hii resore imechoka," alisema, kwa maana ndivyo wanavyoiita springi kwao.

"Imechokaje, mzee wangu, nami kitako nimekinunua juzi tu?"

"Kitako umenunua. Resore je?"

Hapo ndipo penye kasoro ambayo miongozo mingi huiruka. Inazungumzia idadi ya risasi, rangi, uzito na jinsi kitako kinavyokaa mkononi, lakini haisemi neno juu ya springi, ilhali springi ndiyo inayofanya kazi yote. Slaidi ikirudi nyuma baada ya mlipuko, magazini ina muda mfupi mno wa kuinua risasi inayofuata hadi kwenye midomo yake, zile kingo za juu, kabla slaidi haijarejea mbele kuisukuma ndani ya chemba. Magazini ikiwa imejaa, springi imebanwa na ina nguvu tele. Kadiri risasi zinavyopungua ndivyo springi inavyonyooka na kulegea, kwa hiyo risasi tatu za mwisho huinuliwa na springi iliyo dhaifu kuliko wakati wowote mwingine. Ukirefusha magazini kwa kitako kipya na kuiacha springi ya zamani, iliyotengenezwa kwa risasi 17, umeitaka isafiri mwendo mrefu zaidi kwa nguvu ileile. Itafika juu imenyooka karibu yote, na slaidi itapita kabla risasi haijasimama mahali pake. Kabla ya kufikia hapo, dalili ya kwanza ni hiyo niliyoisingizia gumba: kibao kinakosa nguvu ya kukiinua kitufe kinachoizuia slaidi.

Kwa hiyo upangaji wangu unaanzia kwenye springi, na sitaficha kwamba ninapendelea upande mmoja.

Nafasi ya kwanza ninaipa Magpul, kwa magazini yao ya PMAG 21 GL9 ya risasi 21. Hii haikurefushwa kwa kitako. Ilibuniwa hivyo tangu mwanzo, mwili, kibao na springi kwa pamoja, na urefu wake umewekwa ili usivuke kipimo cha mashindano. Wanaoshindana chini ya kanuni za USPSA, chama cha Marekani cha mashindano ya ufyatuaji, wanajua umuhimu wa jambo hilo: katika madaraja ya Limited na Carry Optics magazini haitakiwi kuzidi milimita 141.25, na msimamizi mwenye kipimo chake hajali umelipa kiasi gani. Tofauti na magazini za Glock wenyewe, ambazo ni za plastiki ngumu yenye bati la chuma ndani, PMAG ni plastiki tupu, na wapo watakaoniambia kwamba plastiki tupu haifai. Nimezidondosha zangu kwenye zege mara nyingi zaidi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hadi leo hakuna iliyopasuka midomo.

Ya pili ni ya Glock wenyewe. Ukihitaji nyongeza ndogo, kitako chao cha risasi mbili kinaifikisha magazini ya Glock 17 kwenye 19, nyongeza ambayo springi yenye afya huimudu, ingawa mimi huweka mpya papo hapo. Ukitaka ndefu kweli, wanayo ya risasi 24 na ile maarufu ya 33, ambayo asili yake ni Glock 18, bastola yenye uwezo wa kufyatua mfululizo. Ile ya 33 ni ya kweli na inafanya kazi, lakini inaning'inia chini ya mkono kama mguu wa kiti, haiingii kwenye pochi ya kawaida ya mkanda, na ukipiga ukiwa umelala kifudifudi inagonga ardhi. Mwenye Glock 19 au 26 asisahau kwamba magazini ya Glock 17 inaingia kwenye bastola yake bila kubadilisha chochote. Huenda magazini ndefu anayoitafuta imelala kwenye droo ya shemeji yake.

Wenye Beretta 92 au CZ 75 nitawaelekeza moja kwa moja kwa Mec-Gar wa Italia, wanaotengeneza magazini za chuma. Ile yao ya risasi 18 kwa Beretta 92 haitokezi kabisa chini ya mpini, kwani nafasi ya ziada imepatikana ndani, na hilo linanivutia kuliko kitako chochote.

Ya tatu ni kitako cha aluminiamu kinachouzwa pamoja na springi yake ndefu zaidi. Nasema pamoja, na ninarudia: pamoja. Taran Tactical ni jina linalojulikana katika vitako hivi, na kazi yao ni safi, lakini hata kwao soma maelezo uone kama springi imo ndani ya pakiti. Magazini nyepesi za bei ya chini, zikiwamo zile za Korea zenye chapa ya KCI, zinafaa kwa mazoezi, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ukishanunua yoyote kati ya hizo, usiijaribu kwa kuijaza. Kila mtu huijaza, kwa sababu ndicho alichokilipia, na risasi za juu zikishatoka vizuri huridhika. Kwenye uwanja wa shabaha weka risasi tatu tu, fyatua, uangalie kama slaidi imebaki nyuma. Rudia mara kumi. Risasi 30 zinatosha kuupima mwisho wa springi, ambako ndiko kuna ugonjwa. Baadaye ijaze, kisha uisukume ndani slaidi ikiwa imefungwa. Ikikataa kushika, punguza risasi moja na uizoee idadi hiyo. Ziandike magazini zako namba kwa rangi ili ujue mkosaji ni ipi. Isafishe ndani ikiwa kavu, bila mafuta, kwa kuwa vumbi la Texas likikutana na mafuta hugeuka kuwa ugoro.

Sheria nitaigusa kwa ufupi, lakini usiipite. Texas haina kikomo cha risasi kwa magazini. California, New York na New Jersey kikomo ni 10, Colorado ni 15, Illinois ni 15 kwa bastola, na Delaware ni 17. Marufuku ya nchi nzima ya magazini kubwa iliyoanza mwaka 1994 iliisha mwaka 2004, kwa hiyo leo kila jimbo lina lake, na anayeendesha gari kutoka hapa kwenda kumtembelea ndugu Denver ajue amevuka mpaka. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi asome kwanza sheria ya shirikisho, ambayo kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha na risasi isipokuwa kwa vighairi vichache. Na kabla ya kwenda uwanja wa ndege kagua mkoba wa mkononi, kwani hata magazini tupu hairuhusiwi kupita nayo ukaguzi.

Sasa wauzaji. Muuzaji aliyeniuzia kitako kile aliweka picha ya kitako na springi vikiwa vimelala sambamba kwenye kitambaa cheusi, na mtu yeyote mwenye macho angedhani ananunua vyote viwili. Nilipomwandikia, alinijibu kwamba springi inauzwa kando, dola 12, na gharama ya kutuma ni dola 9. Yaani kumtuma mtu waya uliosokotwa, mwepesi kuliko kijiko, ni karibu sawa na bei ya waya wenyewe. Bei nazo hupandishwa kila sheria mpya inaponusiwa: mwaka 2019, jaji alipoisimamisha marufuku ya California kwa takriban wiki moja, watu walinunua kama wanaokimbia njaa, na tangu hapo nimeona kila tetesi ikitumiwa kuongeza dola tano hapa na pale. Sikatai mfanyabiashara apate riziki. Ninachokikataa ni kuuziwa nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima, halafu nusu nyingine niifuate kwa nauli yangu.

Niliilipia hiyo springi, maana kitako nilikuwa nimeshakinunua. Ilifika Alhamisi. Magazini ile, ambayo sasa ina namba 4 ya rangi nyeupe ubavuni, imefaulu mara tisa kati ya kumi za jaribio la risasi tatu, kwa hiyo Jumapili hii nitaanza kuhesabu upya kuanzia moja.