Nimehamisha blogu yangu ya majahazi: Blogger, WordPress, na hatimaye Hugo

Blogu yangu ilianza Aprili 2011 kwenye Blogger, programu ya bure ya Google ya kuandikia blogu, kwa picha moja ya jahazi lililokwama fungu la Shela na maelezo ya mistari sita. Leo ina makala 312. Mimi mzaliwa wa Amu, riziki yangu iko Mombasa, na ninachoandika ni vyombo tu: majahazi, mashua, madau, mafundi wanaoviunda Matondoni, na visa vya mabaharia wa zamani waliokuwa wakingoja kaskazi na kusi kama sisi tunavyongoja matatu.

Kilichonisukuma kuisuka upya ni aibu. Mtoto wa kaka yangu aliifungua kwenye simu yake, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, kisha akaniuliza: "Ami, huku kwako mbona kuna giza hivi?" Kweli kulikuwa na giza. Kiolezo nilikichagua mwenyewe 2011, rangi ya kahawia kama mbao iliyopakwa mafuta ya papa, herufi za manjano juu yake. Halafu nilikuwa nimekichokora kwa mkono miaka yote hiyo, mpaka sura ya simu ikavurugika kabisa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kubadilisha sura bila kuhama. Mwaka 2017 Blogger walitoa mandhari mapya, Contempo, Soho, Emporio na Notable, ambayo yanakaa vizuri kwenye kioo cha simu. Niliiweka Contempo kwa wiki mbili. Imejengwa kwa picha kubwa na muhtasari mfupi. Makala zangu ni ndefu na picha zangu za mwanzo ni ndogo, za simu ya kubonyeza. Ilikuwa kama kumvisha mzee wa Pate suti ya harusi. Si kosa la suti.

Lazima niseme haki ya Blogger. Programu hii ni ya mwaka 1999, kazi ya kampuni ndogo iliyoitwa Pyra Labs, na Google waliinunua 2003. Miaka 13 niliyokaa humo sikulipa chochote ila domeni, yaani anwani yangu mwenyewe, niliyoiongeza 2014. Haikuwahi kunilaza nje. Usalama, nafasi, masasisho, yote hayo si kazi yako. Ukiniuliza wewe mwanzo kabisa uanzie wapi, nitakwambia huko huko, ila ununue domeni yako mapema. Mwenye anwani inayoishia blogspot.com akitaka kuhama baadaye, viungo vyake vyote vya zamani vinabaki nyuma. Mwenye domeni yake anaondoka na jina lake na njia zake.

Sasa kuhusu kuondoka. Blogger walinipa faili moja ya XML, ndani yake mna makala, kurasa na maoni yote. Yangu ilikuwa megabaiti 11. Picha hazimo, mna viungo vyake tu, na zenyewe zimebaki kwenye seva za Google. Ukizipakua, tazama kiungo: mara nyingi kina kitu kama s320 au s640, hicho ndicho kipimo cha upande mrefu wa picha iliyopunguzwa. Badilisha hapo uandike s0 upate ile kubwa uliyopakia. Mimi nilishapakua picha 400 ndogo ndogo ndipo nikalijua hilo, nikaanza upya.

Usiku ule nilioifungua ile XML ndipo nilipotambua nilichokuwa nacho. Makala zangu zilikuwa nusu ya blogu. Nusu nyingine ni maoni. Chini ya makala moja ya 2012, kuhusu chombo kilichozama njia ya Kiunga, mtu ameandika: "Hapo umekosea, mwanangu. Chombo kile kilikuwa cha watu wa Faza, si wa Siyu. Na nahodha wake hakuwa chongo, alikuwa akikonyeza tu." Huyo ni baba yangu, aliyefariki 2019. Chini yake mama mmoja aliye Maskati anajibu kwamba nahodha yule ni babu yake, na kweli alikuwa na tabia ya kukonyeza. Tangu hapo sikuuliza tena programu ipi ina mandhari mazuri. Nikawa nauliza ipi itabeba maoni haya salama, na siku nikitaka kutoka, nitatoka nayo vipi.

WordPress, programu nyingine ya blogu na tovuti, ilifaulu mtihani wa kwanza bila jasho. Ina kifaa cha kuingiza faili ya Blogger. Unapakia, unachagua mwandishi, unasubiri. Maoni yote yaliingia na majina na tarehe zake. Hata anwani za zamani zilikubali: Blogger huandika mwaka, mwezi, kisha jina linaloishia .html, na katika mipangilio ya viungo vya WordPress unaweza kuandika mpangilio huo huo. Angalizo moja: Blogger hukata majina marefu katikati, kwa hiyo makala zenye vichwa virefu nilizipitia moja moja.

Nilihamia rasmi Februari 2024. Wanaochanganyikiwa na jina: kuna WordPress.com, huduma ambayo kila kitu wanakushughulikia wao, na kuna programu yenyewe ya WordPress, ambayo ni huru na ya bure na unaiweka kwenye seva unayoikodi. Mimi nilichukua ya pili. Na hapo ndipo utamu na uchungu vilipo. Utamu ni plagini, vipande vya kuiongezea programu uwezo: unataka ramani ya visiwa, ipo, unataka fomu, ipo, unataka mtoto wa kaka yako asione giza, mandhari yako maelfu. Uchungu ni kwamba sasa wewe ndiwe nahodha, baharia na mteka maji. Kila wiki kuna kitu kinadai kusasishwa. Plagini moja ya kupanga picha niliisasisha usiku, asubuhi nikakuta ukurasa mweupe na sentensi moja ya kunitangazia hitilafu. Niliingia kwenye seva kwa simu, nikiwa ndani ya matatu Nyali, nikabadilisha jina la folda ya ile plagini ndipo tovuti ikaamka. Mbinu hiyo ikariri kama unatumia WordPress, utaihitaji.

Kilichonichosha zaidi ni seva. Kampuni niliyokodi kwao, jina silitaji, ilinitoza shilingi 3,200 mwaka wa kwanza. Wiki ya Maulidi niliandika kuhusu mashindano ya mashua, makala ikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na wao wakaifunga tovuti kwa saa tisa wakisema nimetumia nguvu ya kompyuta kupita kifurushi changu. Siku niliyopata wasomaji wengi kuliko siku zote, ndiyo siku waliyokuta mlango umefungwa. Ankara ya mwaka wa pili ikaja na bei karibu mara tatu. Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo, jamani. Kabla ya kulipa ulizeni bei ya mwaka wa pili.

Ghost, programu nyingine ya blogu, niliionja kwa siku nne. Ilizaliwa 2013 kwa michango ya watu kwenye Kickstarter, na ukurasa wake wa kuandikia ndio mtulivu kuliko yote niliyowahi kutumia, sitanii. Lakini imeelekezwa kwa wanaotuma jarida kwa barua pepe na kukusanya wanachama wanaolipa. Ukitaka wakutunzie wao, unalipa kwa dola kila mwezi. Ukitaka kuitunza mwenyewe, urudi kwenye kukodi seva. Mimi sina mwanachama, nina wazee.

Nikaishia Hugo.

Hugo si kama zile nyingine. Haina kasha la data, haina ukurasa wa kuingia na nywila. Makala yako ni faili za maandishi matupu kwenye folda. Unaandika amri moja, programu inazigeuza zote kuwa kurasa zilizo tayari, na hizo kurasa ndizo unazozipandisha. Makala zangu 312 huzimaliza chini ya sekunde moja kwenye laptopu ya 2016. Kwa kuwa hakuna cha kupikwa msomaji anapofika, hata makundi yote ya WhatsApp ya Amu yakija kwa pamoja haitetereki. Nimeiweka GitHub Pages, huduma inayohifadhi tovuti za namna hii, silipi kitu. Sharti kubwa ni tovuti isizidi gigabaiti moja, na yangu pamoja na picha nilizozipunguza ni megabaiti 140. Ukurasa wa mbele ulikuwa na karibu megabaiti 4 nilipokuwa WordPress na picha zangu zisizopunguzwa. Sasa ni kilobaiti 210. Anayenunua bando la shilingi 20 anaijua tofauti hiyo.

Lugha ilinifurahisha. Ukiiambia Hugo kuwa tovuti ni ya Kiswahili, miezi inajiandika Januari, Februari, Machi. Maneno ya mandhari, "soma zaidi" na mengineyo, niliyatafsiri katika faili moja ndogo.

Ila isifikiriwe kuwa ni mteremko. Kila makala ina kichwa cha habari kinachoandikwa kwa kanuni kali. Skripti iliyonibadilishia XML kuwa faili ilifunga kila kichwa kwa alama moja ya kunukuu, na Kiswahili kina ng', yenye alama hiyo hiyo ndani yake. Makala yangu ya "Kung'oa misumari ya jahazi" iligoma, na "Ng'ambo ya Mkanda" ikagoma nayo. Jioni nzima natafuta kosa, kumbe ni kile kistari cha juu! Nikafunga vichwa vyote kwa alama mbili mbili, yakaisha. Anwani za zamani nilizibandika kama zilivyo ndani ya kila faili, na viungo vya 2011 vinafanya kazi mpaka leo.

Maoni ndiyo yaliyonila wikiendi tatu. Hugo haina mahali pa maoni. Niliyatoa kwenye XML, nikayaweka katika folda ya data, faili moja kwa kila makala, kisha nikaandika kipande cha kiolezo kinachoyasoma na kuyapanga chini ya makala yake. Yamekuwa maandishi ya kawaida, sehemu ya ukurasa, na yote yanaingia kwenye flashi moja ninayoiweka kabatini. Kwa maoni mapya nilizitazama huduma za nje. Disqus ya bure inakuja na matangazo. Giscus ni safi na haina matangazo, lakini anayetaka kusema neno lazima awe na akaunti ya GitHub, na fundi wa Matondoni hana akaunti ya GitHub. Basi chini ya kila makala pana barua pepe yangu na kitufe cha WhatsApp. Ujumbe ukija nauliza kama naweza kuuchapisha, kisha nauingiza kwa mkono. Ni polepole, na idadi imepungua. Lakini sasa wengine hutuma kwa sauti, na mzee akisimulia kwa sauti haishii mistari miwili.

Kwa simu naandikia ndani ya Termux, programu ya Android ya kuandikia amri, ambayo Hugo inakubali kukaa humo. Si kwa kila mtu. Dada yangu anayeandika mapishi nimemwacha Blogger na mandhari ya Emporio, na nilimkataza kabisa kunifuata. Yeye anataka kupiga picha ya mahamri na kuchapisha kabla hayajapoa. Duka au shule yenye waandishi watano, WordPress, na mtu wa kuitunza alipwe.

Rangi ya kahawia nimeiondoa. Mtoto wa kaka yangu ameridhika, au anasema hivyo. Kitu kimoja sijakigusa: ile makala ya 2012 bado inasema chombo kilikuwa cha watu wa Siyu. Nikilirekebisha kosa lile, baba atakuwa anamkosoa nani?